Paskazia na Dopamini ya Daktari Obedi

Katika miaka ishirini na sita ya kuhudumu maabara ya fiziolojia, Paskazia Magesa alipitiwa na wakuu wa idara tisa. Kati ya hao tisa alimheshimu mmoja, tena kwa miezi minne tu, mpaka asubuhi alipomkuta anapasha chapati kwenye tanuri la kukaushia vyombo vya kioo. Wengine wote aliwadharau tangu wiki ya kwanza. Hakuwasengenya wala hakuwajibu vibaya. Alikunja mdomo upande mmoja, akaendelea kuosha chupa zake, na mtu mwenye akili kidogo aliuona mdomo ule akajua ameshahukumiwa. Wengi hawakuuona.

Chuo chenyewe ni cha afya, cha watu binafsi, kwenye mteremko upande wa Butimba. Kinatoa maofisa tabibu na wauguzi. Paskazia alifika pale akitokea Ukerewe, mama wa miaka thelathini mwenye cheti cha kidato cha nne, akapewa fagio. Alifagia miaka miwili. Halafu fundi wa maabara, mzee mmoja wa Bukoba aliyeitwa Deodatus, macho yakaanza kumsumbua, akamwomba amshikie uzi.

Uzi wenyewe ulikuwa wa moyo wa chura. Chura huuliwa ubongo kwa sindano, kifua kinafunguliwa, na moyo unaendelea kupiga kana kwamba haujapata habari. Kwenye ncha ya moyo unatiwa kindoano, kindoano kinafungwa uzi, na uzi unapanda hadi kwenye kijiti chepesi chenye kalamu. Kalamu inachora kwenye karatasi iliyozungushiwa silinda inayozunguka polepole. Moyo ukijikunja, kalamu inapanda, ukilegea, inashuka. Mzee Deodatus alimfundisha Paskazia kusoma mistari ile. Ikirefuka, moyo unajikunja kwa nguvu zaidi. Ikisogeleana, moyo unapiga kwa kasi zaidi. Mtu asiyeweza kutofautisha mambo hayo mawili, mzee alisema, asiruhusiwe kumgusa mgonjwa, hata akiwa na vyeti vya kujaza begi.

Ukiudondoshea moyo ule dopamini, mistari inarefuka. Siku hizi watu wa mjini wanaijua dopamini kwa habari za simu, kwamba ni ile kemikali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuacha kuperuzi. Paskazia aliijua kama dawa ya wodi ya mahututi, anayodondoshewa mtu ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu. Inashika vipokezi kwenye chembe za msuli wa moyo, kalsiamu inaingia kwa wingi zaidi katika kila pigo, na msuli unajikunja kwa nguvu ambayo dakika moja nyuma haukuwa nayo. Alikuwa ameuona mstari ule ukipanda mamia ya mara na hakuwahi kuchoka kuutazama, ingawa ungemuuliza angekataa.

Mzee Deodatus alistaafu, akarudi kwao Kagera, akafia huko. Wakuu wa idara wakaja na kuondoka. Wa tisa akawa Daktari Obedi Mihayo.

Daktari Obedi alikuwa na miaka thelathini na sita, suti ya bluu, na kikombe cha kahawa chenye jina lake. Aliwahi kusoma miezi kumi na moja nchi nyingine, na kila sentensi yake ya tatu ilianza na "sisi kule nje." Hakuna aliyepata kujua nje ni wapi. Siku ya kwanza aliingia maabara, akamwangalia mwanamke wa umri wa mama yake mdogo aliyesimama na taulo mkononi, akasema, "Wewe ndiye Paskazia? Meza hii isogezwe dirishani."

Shikamoo hakuitoa siku ile wala siku nyingine yoyote. Paskazia alisogeza meza, na mdomo ukakunjika.

Alipozidi kumchunguza alimkuta ni mtupu kuliko hata yule wa chapati. Alifundisha kwa kusoma maandishi yaliyomulikwa ukutani na projekta, neno kwa neno, mgongo ukiwa kwa wanafunzi. Ukimkatiza kwa swali, alirudi mwanzo wa sentensi. Na alimwogopa chura. Mtu aliyepewa maabara ya kupasua vyura alisimama hatua tatu kutoka mezani, mikono mfukoni, akaeleza kwamba ana mzio wa ngozi ya chura. Vyura wenyewe Paskazia aliwakamata kwa mkono kwenye matete ya Nyegezi, sketi ikiwa imekunjwa magotini, miaka yote hiyo, na hakuwahi kuota hata kipele kimoja.

Sasa, dopamini ina tabia yake. Ikiwa ndani ya kichupa chake, kwenye maji yenye asidi kidogo, inakaa vizuri. Ukiichanganya na maji ya chumvi yanayotumika kwa moyo wa chura, ambayo yana bikaboneti, ndugu wa magadi ya kulainishia maharage, inaanza kuharibika. Ukiiacha hivyo mpaka kesho yake, tena kwenye mwanga, inageuka waridi, halafu kahawia, na nguvu yake imekwisha. Kwa hiyo Paskazia aliichanganya dakika chache tu kabla ya kuitumia, kidogo kidogo, na chupa akaizungushia foili. Mwongozo wa chuo haukuandika hilo mahali popote. Aliwaeleza wakuu wa idara watatu wa kwanza. Wa nne alimwambia afagie. Tangu hapo hakumweleza mtu. Alifanya mwenyewe kimyakimya, wao wakapata majibu mazuri, wakajisifu.

Mwezi wa tatu ulipofika, zamu ya dopamini ikawa Jumatano, kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, arobaini na wawili. Safari hii Daktari Obedi alitangaza kwamba ataandaa mwenyewe, kwa sababu chuo kilitaka video ya kuweka kwenye ukurasa wake wa mtandao. Jumanne mchana akavaa glavu jozi mbili, akavunja vichupa vya dopamini, akavimimina kwenye chupa kubwa ya maji ya chumvi, akabandika karatasi yenye jina lake na sahihi, akaiweka dirishani.

"Paskazia, hii usiiguse," alisema.

"Haya, Daktari."

Jumatano saa mbili asubuhi Paskazia alifungua maabara akaikuta chupa imepigwa na jua. Maji yalikuwa waridi, na chini kabisa yalishaanza kuelekea kahawia. Kipindi kilikuwa saa nne. Kabatini mlikuwa na vichupa sita vizima. Kuchanganya upya ilikuwa kazi ya dakika tano, na kumwambia Daktari ilikuwa kazi ya sentensi moja.

Alifuta vumbi kuizunguka chupa ile, kwa uangalifu, asiiguse. Tusimfichie: alikuwa na furaha. Alifunga uzi wa moyo siku ile huku anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Saa nne na nusu Daktari Obedi aliingia, akasimama mahali palipokuwa na mwanga mzuri, akamwambia mwanafunzi mmoja, Rebeka, arekodi kwa simu. Akaeleza kwamba sasa wataona maajabu. Paskazia alikuwa ameshaandaa kila kitu. Moyo ulikuwa unapiga, kalamu inapanda na kushuka sawasawa. Daktari akanyoosha mkono kutoka mbali, akadondosha matone matatu.

Mistari ikabaki vilevile.

Akadondosha kumi. Vilevile. Akamimina robo kikombe, moyo ukalowa, uzi ukalegea, na mistari ikafupika badala ya kurefuka. Mwanafunzi mmoja nyuma akacheka akajifanya anakohoa.

"Chura huyu ni mgonjwa," alisema Daktari Obedi. "Paskazia, unatuletea vyura wagonjwa."

Paskazia akaandaa wa pili. Matokeo yakawa yaleyale. Daktari akatazama silinda, akatazama wanafunzi, akatazama simu ya Rebeka. Jasho lilikuwa limeshaloanisha kola. Hapo mtu wa kawaida angesema kuna tatizo, tutarudia. Yeye alikohoa kidogo, akainua kidevu.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Dopamini ni kemikali ya ubongo. Kwenye nguvu ya moyo haina lolote la maana. Sisi kule nje tulishaachana nayo."

Msichana mmoja mwembamba aliyekaa mbele, Gladness, akainua mkono. "Samahani mwalimu. Kitabu kinasema inaongeza nguvu ya moyo kujikunja."

"Mbele yako pana kitabu au pana moyo?"

"Moyo, mwalimu."

"Basi andika unachokiona." Akamgeukia Rebeka. "Hiyo futa."

Vichwa arobaini na viwili vikainama, wakaandika. Paskazia alikuwa anapita kukusanya sahani, furaha yake ikiwa bado mbichi, akaona daftari la Gladness. Kwa mwandiko safi ilikuwa imeandikwa: *Dopamini haiongezi nguvu ya msuli wa moyo.* Na chini yake mstari wa wino mwekundu, umepigwa kwa rula.

Wanafunzi nao aliwadharau. Aliona wanameza chochote wanachopewa. Lakini alisimama akiutazama ule mstari mwekundu mpaka Gladness akainua uso kumtazama. Baada ya mwaka na nusu msichana yule angekuwa wodini mahali fulani, Geita au Sengerema, na mgonjwa ambaye presha inashuka, na dawa iko kwenye trei.

Nyumbani Mkolani mumewe, Nestory, alikuwa uani anaranda mlango wa mteja. Nestory ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Paskazia akamsimulia yote, na aliigiza vizuri ule mkono wa Daktari ukinyooshwa kutoka mbali. Nestory alicheka hapo. Halafu akauliza, "Hiyo chupa uliiona saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na kipindi kilikuwa?"

"Saa nne. Ila yeye mwenyewe alisema nisiiguse."

"Kusema siyo kugusa."

Nestory akapuliza maranda, akapitisha kidole kwenye ubao kuupima.

"Obedi amekudharau, sawa, ukamwacha aanguke," alisema. "Hao watoto arobaini na wawili wao walikufanya nini?"

"Ugali unapoa," alisema Paskazia, akaingia ndani.

Hakusema naye tena jioni ile. Alizoea kuwa na hasira na wapumbavu, na Nestory hakuwa mpumbavu. Alijaribu kumtafutia Nestory kasoro, akampata na mbili tatu, lakini hazikusaidia.

Alhamisi asubuhi alibisha mlango wa ofisi ya mkuu wa idara. Daktari Obedi alikuwa anakunywa kahawa.

"Ile dawa ya jana ilikuwa imekufa," alisema Paskazia akiwa bado amesimama. "Haichanganywi jana yake. Maji yetu yana bikaboneti. Ikigeuka waridi, imekwisha."

Daktari aliweka kikombe chini. "Ulijua?"

"Nilijua tangu saa mbili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uaibike."

Huo ndio ulikuwa ukweli, na ilimgharimu kuusema mbele ya mtu kama yule. Daktari Obedi akazungusha kalamu, akaangalia mlango kama umefungwa.

"Haya, yamepita," alisema mwishowe.

"Hayajapita. Wameandika. Warudishwe waambiwe."

"Nirudi kwa wanafunzi niseme nilikosea kuchanganya dawa? Watanionaje?"

"Kama mtu aliyekosea kuchanganya dawa."

"Wewe mama, hujui kazi ya ualimu. Wanafunzi wanasahau kila kitu. Nenda kaendelee na kazi zako."

Paskazia alikuwa amekuja na aibu yake, tayari kuigawana. Mtu aliyekaa pale hakuwa hata na mahali pa kuiweka.

"Haya, Daktari," alisema.

Jumatano iliyofuata ratiba ilionyesha somo lingine. Daktari Obedi hakuwahi kufika kabla ya nusu saa kupita, na Paskazia aliitegemea nusu saa hiyo kama watu wanavyotegemea saa ya ukutani. Saa nne kamili wanafunzi walipoketi walikuta chura ameshaandaliwa, silinda inazunguka, na Mama Maabara, kama walivyomwita, amesimama pale anaposimama mwalimu. Akaweka mikono yote miwili mezani.

"Mimi siyo mwalimu," alisema. "Wiki iliyopita dawa ilikuwa imeharibika. Niliiona, nikanyamaza. Fungueni ule ukurasa, muuache wazi."

Akawasogezea karibu. Kwanza akadondosha maji ya chumvi matupu, matone matatu, mistari haikubadilika. Akatoa kabatini ile chupa ya Daktari Obedi, ambayo aliificha badala ya kuimwaga, na sasa ilikuwa kahawia kama chai ya rangi. Matone matatu, kimya. Akauosha moyo. Kisha akavunja kichupa kipya, akakichanganya mbele yao, akawaonyesha kwenye mwanga kwamba ni cheupe kama maji ya kunywa.

"Gladness, pima."

Gladness akashika rula. "Milimita kumi na moja."

Tone la kwanza, la pili, la tatu. Mistari miwili ikaja kama ilivyokuwa. Wa tatu ukazidi kidogo. Halafu kalamu ikaanza kupanda, kila pigo juu ya lililotangulia, na moyo wenyewe, mdogo kuliko punje ya karanga, ukawa unajibana mpaka unapauka kabla ya kujaa tena. Gladness akapima tena, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kumi na tisa."

"Hiyo ni nguvu," alisema Paskazia. "Na kasi?"

"Imesogeleana kidogo," alisema Rebeka.

"Kidogo, ndiyo. Kilichobadilika zaidi ni nguvu. Lakini msitoke hapa mkadhani ukizidisha ndiyo bora. Ukizidisha, moyo unapiga ovyo, na kwa mtu inabana mishipa ya damu mpaka vidole vinakuwa baridi. Na mkikuta dripu yake wodini imebadilika rangi, msimdondoshee mtu. Itoeni. Hata aliyeichanganya awe nani."

Mlango ukafunguka. Daktari Obedi alisimama na kikombe chake. Akatazama wanafunzi waliozunguka meza, akatazama silinda, akaiona mistari mirefu na chupa ya kahawia yenye sahihi yake. Ilikuwa wazi kabisa kwenye uso wake alivyokuwa anahesabu. Hakuchukua hata sekunde tano.

"Vizuri," alisema akiingia. "Kama nilivyopanga. Wiki iliyopita niliwaonyesha dawa iliyoharibika bila kuwaambia, na leo mmeona dawa nzima. Kujifunza kwa kugundua. Hii ndiyo mbinu tunayotumia sisi kule nje."

Paskazia alikuwa ameshawaona waongo wengi, lakini hata mwongo huanza kwa kuangalia chini kidogo. Huyu alikuja hadi mezani, akasimama hatua tatu kutoka kwa chura, akaanza kueleza urefu wa mistari. Aliita nguvu kasi. Wanafunzi hawakuandika. Gladness alikuwa anakata kwa rula sentensi ya wiki iliyopita, polepole, na hakuinua kichwa.

Ijumaa Paskazia aliitwa ofisini kupokea barua ya onyo: kufundisha bila sifa, na kutumia vifaa bila idhini. Aliisoma yote. Neno "fiziolojia" lilikuwa limekosewa mahali pawili. Akaomba kalamu, akasahihisha pote pawili, akaweka sahihi yake, akarudisha nakala. Siku hiyohiyo alikata boksi la glavu, akaandika kwa kalamu nene, akabandika kwenye mlango wa kabati la dawa: *Dopamini ichanganywe wakati wa kuitumia. Ikibadilika rangi, imwagwe. Ukiona imebadilika, sema.* Sentensi ya mwisho aliiongeza baada ya kubandika, na ilibidi ainame kuiandika.

Daktari Obedi yeye alieleza "mbinu ya kugundua" kwenye kikao cha walimu, akapigiwa makofi. Akaieleza tena kwenye warsha, akapewa cheti. Mwisho wa mwaka chuo cha mkoa mwingine kikamchukua kuwa mkuu wa taaluma. Kwenye hafla ya kumuaga Paskazia alipanga viti, akala wali wake, akasikiliza hotuba yote hadi mwisho bila kubadilisha uso. Alipofika kumpa mkono, Daktari alisema, "Tumefanya kazi vizuri, Paskazia."

"Wewe umefanya vizuri, Daktari," alisema yeye, na Obedi akatabasamu akashukuru.

Mkuu wa kumi alikuja Januari, msichana wa miaka thelathini na moja aitwaye Prudencia Rweyemamu. Aliingia maabara saa moja na nusu asubuhi, kabla ya mtu yeyote, akasema shikamoo mama, akapokea marahaba yake. Akazunguka akisoma maandishi ya kwenye makabati, akasimama mbele ya lile boksi la glavu.

"Hii ameandika nani?"

"Mimi."

"Nilipokuwa nafundishwa, ya kwetu ilikuwa haifanyi kazi mwaka mzima, na hakuna aliyejua kwa nini. Nionyeshe unavyochanganya."

Paskazia akamwonyesha. Ilichukua dakika arobaini, kwa sababu yule msichana aliuliza maswali, akaandika, kisha akaomba ajaribu mwenyewe, na chura alimshika kwa mkono mtupu. Uzi aliufunga vibaya mara mbili. Mara ya tatu ukashika.

Alipoondoka, Paskazia alibaki anaosha sahani na kumtafutia jambo la kumdharau. Ilimchukua muda. Mwishowe akakumbuka viatu: visigino virefu vile, kwenye sakafu ya simenti iliyolowa, mtu mwenye shahada mbili. Akakunja mdomo upande mmoja, akaendelea kuosha.